Baba wa Mtamba Mwekundu

Mume wangu hakuandika chochote. Ukoo wa ng'ombe wetu kumi na wanne aliuweka kichwani, na kila mchana tukila alinisimulia: huyu mama yake ni yule, wale wawili baba mmoja. Mimi niliitikia tu, "Ehee," mawazo yako kwingine.

Miezi minne baada ya mazishi, mtamba mwekundu akaanza kutaka dume, nami sikujua baba yake ni nani.

Zizini dume alikuwa mmoja, mwenye nundu, ambaye marehemu alimchagua tangu ndama. Ng'ombe wa kisasa wa jirani walikuwa wakihema kivulini tangu saa nne asubuhi. Wetu alikuwa juani, anakula majani makavu kana kwamba hakuna jambo.

Daktari wa mifugo alikuja kuchanja. "Mama, kama mtamba ni binti wa dume huyu, usithubutu kumpandisha. Utapata ndama dhaifu, na kazi yote ya mzee imeharibika."

Shemeji yangu akacheka. "Daktari, tangu lini ng'ombe wakaulizana ukoo? Au tuitishe kikao cha posa?"

"Cheka tu. Wewe unamjua baba yake?"

"Mimi kaka aliniambia habari za mpira tu. Muulize shemeji."

Wakanigeukia. Nilijaribu kumsikiliza tena marehemu, kichwani mwangu. Sauti ilikuja, na kikohozi chake, na namna alivyonyoosha kijiko kuelekea zizini. Jina la baba halikuja.

"Mbadilishe dume," nikamwambia shemeji. "Kuna mfugaji ng'ambo ya mto ana dume wa aina hiihii."

"Shemeji! Huyu ndiye wa kaka!"

"Najua ni wa nani."

Kesho yake dume wetu aliondoka na kamba shingoni, hata hakugeuka. Nilisimama mlangoni mwa zizi mpaka vumbi likatua.

Mfugaji aliyemleta dume wa kubadilishana alikuwa mzee mchangamfu. Nilimuuliza habari za baba wa dume wake, mama yake, bibi yake, waliokufa kwa ukame na waliopona. Akanitajia wote, mmoja mmoja, ameegemea fimbo yake.

"Umeridhika, mama?"

Nilikuwa nimesikia vizuri.

"Samahani, mzee," nikasema, nikimsogezea kiti. "Hebu anza tena, polepole."