Maneno ya Buluu

Kurasa zilitapakaa sakafu nzima ya sebule, nami nimesimama katikati yake miguu peku, nikiokota huu, nikitupa ule. Asubuhi hiyo mhariri wa kitabu changu alikuwa amepiga simu tena. "Karatasi haina pa kubonyeza," alisema. "Chagua mwisho mmoja."

Mtandaoni sikuwa nimechagua. Hadithi ya kaka yangu, aliyetoka nyumbani siku moja asirudi, niliiandika kama nilivyoiishi: vipande vipande. Kila ukurasa ulikuwa na maneno ya buluu ya kubonyeza, kila moja likifungua ukurasa mwingine. Msomaji akibonyeza "barabara", kaka anazidi kwenda. Akibonyeza "hospitali", anafia ugenini. Akibonyeza "lango", anarudi, amekonda, anaomba maji. Watu walizunguka humo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakuna aliyefika mwisho, maana haukuwapo.

Mama alibonyeza "lango" tu. Kila siku, miwani puani, simu mkononi, mwanawe anarudi, anapewa maji. Kisha anaanza upya.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama sakafu yangu.

"Kwenye kitabu, anarudi?"

"Unataka arudi, mama?"

Akainama, akazisoma kurasa mojamoja bila haraka, huku mimi nauma kucha. Ule wa lango akaupita. Akanipa ule ambamo kaka anapotelea kwenye kona ya barabara, hata hajageuka.

"Hiki watakisoma watu," akasema. "Usiwadanganye, mwanangu. Tulichokiona sisi ni mgongo wake tu."

Kitabu kilipotoka nilimpa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye simu hakuwahi kujua kimebaki kiasi gani. Hapa kurasa zilipungua chini ya dole gumba lake, naye akazidi kwenda polepole, mpaka akawa anasoma ukurasa mmoja kwa siku, kisha nusu. Nilizunguka nyumba kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Mara mbili nilitamani kumpokonya.

Siku alipomaliza hakuniambia. Nilisikia kishindo chumbani kwa kaka, nikakimbia. Mama alikuwa ameshavua shuka, anahangaika peke yake na kile kitanda kilichokaa kimetandikwa miaka yote.

"Usinikodolee macho, shika huku," akasema, anahema. "Chumba hiki kinataka hewa."