Mifuko ya Majani ya Cimpunda

Joviale hakuwa na buti za mpira. Hakuwa na mizani. Alitumia ile ya maabara, ambayo ilitetemeka kila mtu alipofunga mlango. Hakuwa na kifaa cha kupima oksijeni ya maji, kwa kuwa kile cha fakulti kilikuwa kimelala kabatini bila betri tangu mwaka uliotangulia. Hakuwa na ndugu aliyewahi kusoma biolojia, wala mjomba ofisini. Na hakuwa na mazoea ya kusalimia watu anapokuwa na haraka.

Alichokuwa nacho ni swali: kile kijito kinachoteremka kupitia mtaa wa Cimpunda kuelekea ziwani, bado kina uhai? Profesa Cirhuza, aliyesimamia mémoire, tasnifu yake ya mwisho wa masomo, alimfundisha njia ya kuuliza bila mashine. Unakausha majani ya avoka, unayapima, unayatia katika mifuko ya chandarua, unaizamisha na kuifunga kwenye mawe. Baada ya majuma kadhaa unaitoa na kupima tena. Wadudu wa majini wakiwapo, majani yatakuwa yameliwa. Maji yakiwa yamekufa, yatabaki karibu vilevile.

Alishona mifuko kwa mkono wake. Mingine akaizamisha juu, karibu na chemchemi, na mingine katikati ya nyumba za Cimpunda. Alikuwa na karatasi ya ruhusa yenye muhuri wa ofisi ya komini, akaona inatosha. Akashuka, akafunga, akapanda, bila kumwambia mtu neno. Haraka yake ilikuwa na sababu. Shirika moja la kulinda mto Ruzizi lilimwahidi kazi mjini Sange, mradi atetee mémoire katika kipindi cha kwanza cha utetezi. Akichelewa, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Siku ya kutoa mifuko alikwenda na Guy, mwanafunzi mwenzake. Ile ya juu waliikuta. Ya Cimpunda, hata kamba haikuonekana. Kijito chenyewe kilikuwa safi ajabu, kingo zimefyekwa.

"Salongo," Guy akasema, yaani usafi wa pamoja wa kila Jumamosi. "Juzi ilikuwa siku ya posho. Avenue nzima ilitoka na majembe."

Mama mmoja alikuwa akifua mlangoni pake. Ni Maman Bintu, mke wa shefu, kiongozi wa avenue ile.

"Jambo, maman. Hapa mu maji kulikuwa mifuko..."

"Ile ya chandarua, yenye majani ya kuoza? Mutoto wangu, tulitosha yote mu maji! Tuliwaza ni batu ba huko juu banatutupia takataka tena."

"Na majani iko wapi?"

"Tulichoma. Lakini mifuko ilikuwa ya muzuri, tukaifua."

Akaonyesha ukutani. Mifuko ilining'inia kwenye misumari, mmoja umejaa vitunguu. Guy alishindwa kujizuia.

"Joviale, mémoire yako iko na vitunguu ndani!"

"Nyamaza, weye."

Joviale akaeleza kazi yake. Maman Bintu aliacha kufua.

"Pole sana, mutoto wangu. Lakini juu ya nini haukubisha hodi? Hata mwizi wa Cimpunda anasalimiaka kwanza."

Njiani Guy akasema: "Uko na hesabu ya juu. Ya huku, andika tu. Maji iko chafu, kila mutu anajua. Profesa iko Uvira anafundisha. Nani atashuka huku kupima majani?"

"Hiyo ni bongo, Guy, ni kudanganya."

"Ni bongo, ndiyo. Na Sange watakungoja?"

Jioni hiyo Joviale alifungua jedwali lake. Safu ya Cimpunda ilikuwa tupu. Alizijua namba ambazo zingependeza pale. Akaziandika kwa penseli, akazitazama, na kweli zilipendeza.

Kesho yake alirudi kuchukua mifuko. Maman Bintu alikuwa ameondoa vitunguu na kuikunja vizuri kama nguo za kanisani.

"Sasa utuambie," akasema. "Majani ya huko juu ilisema nini, na ya kwetu ingesema nini? Batoto betu banaogaka mu ile maji. Muzee wangu anataka kutangazia avenue yote: maji iko muzima ao ilikufa?"

Jibu lilikuwa tayari, kwa penseli, ndani ya mkoba wake. Joviale alitazama watoto wawili waliokuwa wakirushiana maji chini ya daraja la miti.

"Sijui, maman," akasema. "Sitajua mpaka nianze tena."

"Basi anza. Lakini utakuja weye mwenyewe kuwaambia batu, siku ya salongo."

Jumamosi akasimama mbele ya majembe na mapanga, akaeleza. Mzee mmoja, Papa Gaston, akauliza kama wadudu anaofuga wataleta malaria. Watu wakacheka. Joviale akajibu kwamba hafugi kitu, anawahesabu tu walio nyumbani kwao. Kisha vijana wakamsaidia kuchagua mawe mazito na kuizamisha mifuko yenye majani mapya, na shefu akasema atakayegusa mifuko atasafisha mtaro wa avenue peke yake.

Nyumbani alifuta namba za penseli. Ombi la kubadilisha kipindi fakulti hulipokea likiwa kwenye karatasi tu, lenye sahihi ya profesa, kwa hiyo akaandika kwa mkono:

"Bwana Profesa, majani ya Cimpunda yamepotea. Kosa ni langu, kwa kuwa sikuwaarifu wakaaji. Sina matokeo ya sehemu hiyo. Nimeweka mifuko upya. Naomba sahihi yako ili nitetee katika kipindi cha pili. Najua nitakosa kazi ya Sange."

Alisoma mara moja, akaikunja. Kwenye kituo cha magari ya Uvira alilamba bahasha, akaifunga, akaipitishia kidole gumba mpaka ikashika.

"Ni ya mapenzi?" dereva akamtania.

"Ni ya majani. Umupe Profesa mu mukono yake."

Dereva akaichomeka juu ya kioo, akawasha gari, akashika njia ya Kamanyola kuelekea Uvira.