Mstari Mweupe kwenye Boliti

Nilimpelekea uji. Katika mambo yote yaliyotokea, hilo ndilo lililonikwama kooni mpaka leo. Ilikuwa wiki ya makambi, Waadventista wote wa Ikonge tumekusanyika uwanjani kusikiliza mahubiri, na Nyakundi, fundi wa gereji yetu, akasema ana malaria. Mimi Bosibori, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Keroka na akili zangu timamu, nikambebea chupa ya uji wa wimbi na bakuli la mboga ya chinsaga iliyoungwa kwa maziwa. Nilimkuta amejifunika blanketi hadi kidevuni. Akanishukuru kwa sauti ya mgonjwa. Nami, kabla sijatoka, nikamwachia ufunguo wa gereji ya baba yangu, ili akipata nafuu alifute gari vumbi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, jekundu, la milango miwili na boneti ndefu. Baba yangu, ambaye sisi humwita Tata kama Wakisii wengine, alikuwa fundi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Meneja wake alipohama nchi alimwachia gari hilo kama zawadi ya kuagana. Tata akaliendesha hadi Ikonge, akalijengea banda la mabati kabla hajamjengea Mama jiko jipya, na kuanzia siku hiyo akawa na amri moja tu: lisibadilishwe. Kiti kikichanika kinashonwa. Taa ikivunjika itatafutwa taa ya aina hiyo hiyo, hata kama ni kusubiri miaka miwili, na alishawahi kusubiri.

Kila mtu alikuwa na ushauri wake. Vijana wa Keroka walitaka rimu pana na spika za kutikisa madirisha. Kaka zangu walioko Nairobi walitaka likatwe paa. Lakini aliyesumbua kuliko wote ni Nyakundi.

"Mzee, hii engine imezeeka," alikuwa akisema. "Tukiweka ya Toyota Mark X, hii gari itafika Kisii dakika ishirini."

"Na nikishafika Kisii dakika ishirini," Tata alikuwa akimjibu, "nitafanya nini huko?"

Tulikuwa tukicheka sote, Nyakundi akiwemo.

Nyakundi si ndugu yangu wa damu. Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na miwili, mkononi ana cheti cha ufundi na hana kazi, na Tata akamfundisha kila kitu anachokijua. Alikaa nasi miaka kumi na tisa. Kila saa saba mchana Tata alikuwa akimwita mezani, na hatukuwahi kula kabla hajanawa mikono. Tulipomzika Mama, yeye na kaka zangu ndio waliobeba jeneza. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilimpa ufunguo.

Tata alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote, Nyamira wala Kisii. Akishakaza boliti, anachukua kijiti, anakichovya kwenye rangi nyeupe ya kuandikia namba kwenye magunia ya majani chai, halafu anachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Ukirudi kesho ukute mstari haujanyooka, ujue boliti imelegea. Alimfundisha Nyakundi hivyo. Mwanzoni Nyakundi alikuwa akisahau, na Tata bila kugombana anafungua boliti zote na kumwambia aanze upya. Baada ya mwaka mmoja mkono wake ulikuwa ukichora wenyewe. Magari yote yaliyopita kwenye banda letu yaliondoka na mistari hiyo. Boliti zinazoshikilia injini ya Datsun ndizo hazikuwa nayo, kwa sababu injini ile haikuwahi kushushwa.

Miaka mitatu iliyopita Tata alipofuka macho. Aliliandikisha gari kwa jina langu, akihofia kaka zangu na msumeno wao. Bado alikuwa akienda kukaa ndani yake kila baada ya chakula, mikono kwenye usukani. Mwaka huu akaniambia anataka limpate mtu ambaye hatalikata wala kulichezea, na anataka hilo lifanyike yeye mwenyewe akiwa hai. Hakuomba kitu kingine.

Nikampata Daktari Sheila wa Nakuru, daktari wa meno anayekusanya magari ya zamani. Akanieleza kwa simu bila kuzunguka.

"Kama liko vile lilivyotoka kiwandani, nitalipa bei nzuri na sitaruhusu mtu aliguse. Lakini kama lina injini nyingine, kwangu hilo ni gari tu lenye sura nzuri."

Tata akaniomba simu. "Daktari, mimi ni mzee wa kanisa," akamwambia. "Hiyo injini haijawahi kutoka humo. Nimekupa neno langu."

Daktari alikuja Jumapili iliyofuata makambi. Tata alivaa koti lake la harusi za watu. Nyakundi alikuwa amepona kabisa, ovaroli imepigwa pasi, na gari amelisugua mpaka unajiona. Alinivuta kando.

"Dada, mgeni asiiwashe sana. Betri imechoka."

Nikamshukuru kwa kunikumbusha. Ndivyo nilivyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikatulia nipakwe.

Daktari Sheila alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, amevaa gambuti. Alilizunguka gari mara tatu. Alipoona saa ya kwenye dashibodi alicheka kama amepewa zawadi. Aligusa viti, akainua zulia, akasema hajawahi kuona moja lililotunzwa hivi. Tata alikuwa amesimama wima, uso umeng'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu Mama atutoke.

"Naomba tuiwashe," Daktari akasema.

"Betri imechoka, Daktari," Nyakundi akajibu haraka.

"Hakuna shida. Nimekuja na yangu."

Akaiunganisha. Injini ikawaka mara moja, ikatulia, ikawa inanguruma taratibu. Mimi niliisikia vizuri tu. Tata akainamisha kichwa upande mmoja.

"Zima," akasema. Ikazimwa. "Washa tena." Ikawashwa. "Zima."

Akavua kofia.

"Daktari, nisamehe kwa safari yako. Hii si injini yangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilidhani uzee umemfikia Tata, tena mbele ya mgeni. "Tata, ni hiyo hiyo," nikamwambia. "Mimi naiona. Karbureta zake mbili hizi hapa, mfuniko wake huu hapa."

Daktari Sheila akatoa tochi, akaniomba logbook, ile hati ya gari, akainama ubavuni mwa injini. Akaisoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Akasoma ya kwenye logbook. Akarudia zote mbili kwa sauti, na hata mtoto wa chekechea angejua hazifanani.

"Injini za Datsun za kawaida za zamani zinafanana sana na hii," akasema. Uchangamfu wake wote ulikuwa umekwisha. "Mzee, uliniambia umenipa neno lako."

"Nilikuambia," Tata akasema.

Hakujitetea. Mtu ambaye Ikonge nzima humwita aamue kesi za mipaka ya mashamba, amesimama kwenye banda lake mwenyewe akidhaniwa tapeli.

"Bosibori," akaniita, "mulika chini, pale injini imekalia. Boliti zikoje?"

Nikainama na tochi. Niliziona mara moja, zote nne.

"Zina mistari, Tata."

"Ya rangi gani?"

"Nyeupe."

Mkono wa Nyakundi ulikuwa umechora wenyewe, wiki ile sisi tukiwa makambini. Alikumbuka kurudisha karbureta, akakumbuka mfuniko, akakumbuka kunidanganya kuhusu betri, halafu akashindwa kuacha boliti bila mstari.

Nilimgeukia. Alikuwa bado ameshika kitambaa cha kung'arishia. Nilimwita mwizi, nikamwita nyoka, nikamwita majina mengine kwa Ekegusii ambayo mwanamke wa makambi hapaswi kuyajua. Nilimuuliza kama malaria imepona. Nilimuuliza kama uji ulikuwa mtamu.

"Dada, engine ni engine," akasema hatimaye. "Gari ni ile ile, bodi ni ile ile. Kuna mtu Eldoret engine yake ilipasuka, nikamuuzia. Nilijua hakuna mtu atajua."

"Irudishe!"

"Hakuna kurudisha. Ilishafungwa kwa gari ingine, ikaenda Uganda." Kisha akapandisha sauti, na kwa mara ya kwanza alinitazama machoni. "Miaka kumi na tisa mzee ananiita mtoto wangu. Mimi ndio nalala chini ya hii gari. Halafu gari inaandikwa wewe! Wewe hata plagi hujui kutoa."

Kweli sijui. Ningependa kusema kwamba maneno hayo hayakunichoma, lakini yalinichoma, na bado nilitamani kumpiga na spana.

Daktari Sheila alikuwa akifunga kisanduku chake cha vifaa. Sasa alijua nani alimdanganya, akamshika Tata mkono kwa heshima. "Bado naweza kulichukua, mzee. Si kwa ile bei. Na sitaficha, kwa kuwa injini yake imepotea, sina sababu ya kulihifadhi lilivyo. Nitaliwekea injini ya kisasa, breki mpya, nibadilishe na ndani, niwe naliendesha."

Kilichokuwa kikililinda gari lile miaka yote ni kwamba halikuwa limeguswa. Nyakundi alikuwa amewafungulia watu wote mlango wa kulibadilisha, hata wale wema.

"Asante, mwanangu," Tata akamwambia. "Libaki."

Gari la Daktari lilipotoka, Tata akaniomba nimwongoze mkono. Nikaupeleka chini, hadi kwenye boliti ya kwanza. Akaipapasa kwa kidole, akaisukuma kwa dole gumba, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Nyakundi alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Amekaza vizuri," Tata akasema.

Hakusema anamwambia nani. Nyakundi akaweka kitambaa juu ya benchi, akauweka na ufunguo juu yake, akaondoka akipitia mashamba ya chai badala ya barabarani.

Nilipomwingiza Tata ndani ilikuwa imeshafika saa saba. Nikapakua kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nikaweka sahani yake, nikaweka yangu, na mkono wangu kwa mazoea ukaweka nyingine upande wa dirishani. Tata aliisikia ikigusa meza.

"Ondoa hiyo," akasema.

Nikaiondoa. Akasubiri mpaka aliposikia nimeirudisha kabatini, ndipo akainamisha kichwa kuomba. Ombi lake la chakula ni fupi siku zote. Siku hiyo alianza mara mbili, akashindwa kulimaliza.