Nitashukia Ndani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, manyunyu yalianza alfajiri na kukatika saa mbili kasoro. Mfagizi wa chuo alikuwa amepiga magoti ndani ya ukumbi wa michezo, akiipaka nta sakafu ya mbao huku akirudi nyuma, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Anayeng'arisha sakafu hurudi nyuma, asije akakanyaga alichokwisha kukamilisha. Binti yake aliijua kazi hiyo kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana kwenye mpira wa kikapu aliweza kumkaba mtu akienda kinyumenyume bila kutazama, na hakuna aliyempita.

Binti alikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapo, na wenzake walimwita Ngazi. Katika mazoezi yake ya kwanza aliruka kudaka mpira, akakaa juu sekunde kumi na moja. Kocha, mwanamke asiye na maneno mengi, alimwambia afunge vizuri kamba za viatu. Mechi ya tatu alikaa dakika mbili. Refa alipekua kitabu cha sheria, akakuta habari za hatua na za kusukumana, lakini hapakuandikwa popote kwamba aliyeruka sharti ashuke lini. Akapuliza kipenga, mchezo ukaendelea.

Wasichana walichezea nje, kwenye saruji iliyopasuka. Ukumbi ulikuwa wa wavulana. "Mbao ni laini, mtazikwaruza," alisema msimamizi wa ukumbi kila alipoombwa, na nyuma yake wavulana walipita mlangoni na viatu vya aina ile ile. Ngazi akiwa juu aliuona ukumbi wote kupitia madirisha ya karibu na paa. Jioni moja alimwambia mama yake, "Mama, kona ya kushoto, chini ya saa, umeiruka."

"Nimeiruka mimi?"

"Kama kiganja hivi."

Kesho yake mama akaenda kutazama. Kweli. Akapapaka nta, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye macho.

Sasa siku hiyo ya Machi ilikuwa fainali ya vyuo, na saa nne saruji ilikuwa bado na madimbwi matano. Refa akasema wazi: mchezaji wa kwanza akiteleza, anavunja mechi, na kombe wanapewa wageni, maana wao ndio walioongoza msimu. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kocha akamwendea msimamizi, akamkuta mama akimrudishia ufunguo aliouchukua alfajiri.

"Mzee wangu, saa moja na nusu tu."

"Mwalimu, sheria ni sheria. Sakafu imeng'arishwa leo hii. Muulize huyu mama."

"Imeng'arishwa ili ichezewe, baba," mama akasema.

Msimamizi akautia ufunguo mfukoni.

Basi Ngazi akafunga kamba za viatu, akaruka, wala hakushuka. Wenzake waliacha kukimbia. Walisimama palipokauka wakamrushia mpira, naye akawa anaudondosha kikapuni kama mtu anayetia kitunguu chunguni. Beki wa wageni, aliyekuwa mrefu kuliko wote waliobaki chini, aliinua uso.

"Dada, hata salamu?"

"Hujambo, mwaya. Niwie radhi, niko kazini."

Mama alisimama kando na ndoo yake, midomo ikimcheza kwa sala. Hakuomba mtoto asianguke, kwa kuwa hilo halikuwa na dalili. Aliomba asijivune. Lakini ilipofika pointi ya hamsini alijivuna yeye mwenyewe, akaomba msamaha pale pale, kisha akajivuna tena. Hakuna aliyeteleza. Walishinda sitini na moja kwa arobaini.

Msimamizi alilipokea kombe mlangoni. Alisema litakaa kwenye kabati la kioo, ndani, kwenye usalama, na wasichana wanaruhusiwa kulitazama kutoka kizingitini. Wakalitazama. Ngazi alikuwa bado juu, usawa wa madirisha.

"Shuka mwanangu, ule."

Ngazi akawatazama waliokuwa chini: refa na karatasi yake ya matokeo, kocha, wageni, msimamizi na ufunguo wake. Akapaza sauti ili wote wasikie.

"Nitashuka, mama. Lakini saruji nimeiaga. Nitashukia ndani."

Refa akatazama saa, akaandika. Msimamizi akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akasema shauri yake.

Mama hakumbembeleza. Alifunga chakula kwenye kitambaa safi, akakitundika kwenye ufagio mrefu wa kutolea buibui, akampandishia. Na mpini ukiwa bado mkononi, akasema mbele ya wote:

"Nami naahidi, Mungu ananisikia na hawa wananisikia. Kila alfajiri nitaing'arisha, na siku utakayoshuka, hutakuta hata kiganja nilichokiruka."