Jogoo wa Mzee Tulia

Kinyozi huyu walimwita Mzee Tulia, maana hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni zaidi kuliko salamu. "Tulia, mwanangu." "Tulia, bwana mkubwa, upande huu sikio ni moja tu." Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwahi kutulia. Alirithi kwa baba yake ugonjwa wa kutetemeka. Mikono ilimcheza, na kichwa kilikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, kama cha mtu anayekataa kitu. Siku ya ndoa yake aliulizwa kama amemkubali bibi harusi. Mdomo ulisema ndiyo, kichwa kikasema hapana, na mama mkwe hajalisahau jambo hilo mpaka leo.

Lakini kunyoa alijua. Aliegemeza kiganja kwenye kichwa cha mteja, akakikita kidole cha mwisho juu ya sikio, na mkono ukishapata pa kuegemea ulitii. Kwa watoto alikuwa na mbinu nyingine. Mashine ikikaribia sikio, alianza hadithi ya jogoo aliyekwenda kumshitaki mwewe kwa kula vifaranga vyake. Jogoo alitembea mpaka kwa hakimu, akabisha hodi, mlango ukafunguka, na kwenye kiti alikuwa amekaa... Hapo alinyamaza, akanyoa. Mtoto aliganda kama kinyago, macho kodo. Nywele zikiisha, Mzee Tulia alikung'uta kitambaa.

"Haya, teremka. Iliyobaki njoo siku nyingine."

Siku nyingine aliianza upya.

Jicho la kulia lilipoanza kufifia, alilaumu kioo. Mkewe alikifuta kwa maji, kwa sabuni, kwa gazeti, na ukungu ukabaki pale pale. Aliyekuja kuutangaza ukweli ni fundi viatu wa duka la pili, siku aliyotoka kunyolewa akiwa na sharubu upande mmoja.

"Nikitazama huku ni kijana," alisema, akijigeuza mlangoni ili wapita njia wamwone. "Nikitazama huku ni mzee. Mke wangu achague mwenyewe."

Mzee Tulia alicheka nao. Usiku ule hakula.

Hospitalini daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba la kushoto nalo limeanza. Dawa ni kupasuliwa. Kwa kuwa moyo wake ni dhaifu, kulazwa usingizi hakufai. Atatiwa ganzi tu na atakuwa macho muda wote.

"Shida ni hicho kichwa," daktari alisema. "Nitakifunga plasta, nitakiwekea mto, lakini kikinichezea nikiwa ndani ya jicho, naacha. Utarudi nyumbani kama ulivyokuja."

"Kitatulia," Mzee Tulia alijibu, kichwa kikisema hapana.

Njiani alimwambia mkewe, "Jicho hili likishindikana, nafunga duka."

"Ukifunga duka utashinda nyumbani na mimi," mkewe alisema. "Kwa hiyo utatulia."

Wakaanza mazoezi. Kila jioni mkewe alimlaza kitandani na kumwekea bakuli la maji kwenye paji la uso. Kila jioni walibadilisha mto. Kadiri alivyojikaza ndivyo kichwa kilivyozidi kucheza, kama mbuzi anayevutwa kamba. Fundi viatu alipita kujulia hali, akalitazama godoro lililoanikwa uani.

"Jirani, mtu mzima na kitanda kimelowa?"

"Ni maji ya bakuli."

"Hata mwanangu huwa anasema hivyo hivyo."

Siku yenyewe ilipofika, Mzee Tulia hakuwa na utani tena. Alikaa kwenye benchi la kungojea, viganja amevikalia. Nesi alikuja kumtia matone ya jicho. Alikuwa mwanamke mrefu, wa kusemasema.

"Tulia, mzee," nesi alisema, akamshika kidevu. Kisha akamtazama vizuri. "Ala. Si wewe kinyozi wa kule njia panda? Mama alikuwa ananileta kwako nikiwa mdogo. Nilikuwa na mba kichwa kizima."

"Nimenyoa wengi, binti yangu."

"Leo ni zamu yako kushikwa kichwa. Kinyozi hajinyoi." Nesi alitia tone la pili. "Lakini una deni langu. Jogoo alibisha hodi, mlango ukafunguka. Kwenye kiti alikuwa amekaa nani?"

Mzee Tulia aliangalia sakafu. Aliitunga hadithi ile mkono ukiwa kazini, na haikuwahi kuhitaji kufika mbali zaidi ya sikio la pili.

"Sijui," alisema. "Kweli, binti yangu, mwenyewe sijui."

Nesi alicheka hadi akafunika chupa ya matone kwa kiganja. "Basi mimi najua. Niliimalizia mwenyewe, miaka mingi."

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Walimlaza, wakambana mikono kwa shuka, wakampiga plasta pana kwenye paji, wakamfunika uso wote isipokuwa jicho. Taa ikawaka. Chini ya plasta, kichwa kilianza safari yake, kushoto kulia.

"Mzee," daktari alisema, "sijaanza na tayari unanikataa."

"Nakazana, daktari."

"Usikazane." Ilikuwa sauti ya nesi, karibu na sikio. "Nisikilize mimi. Jogoo alibisha hodi. Mlango ukafunguka, tena polepole, unalia kwa kutu. Ndani giza. Jogoo akanyoosha shingo. Akaona kiti. Na kwenye kiti alikuwa amekaa..."

Akanyamaza.

Mzee Tulia alingoja. Alisahau jicho, alisahau duka. Masikio yote mawili yalikuwa kwa nesi. Kichwa kilikaa pale kilipowekwa.

"Hapo hapo," daktari alinong'ona, na mikono yake ikaingia kazini.

Nesi aliendelea kidogo kidogo. Kila kichwa kilipotaka kuanza, jogoo alipiga hatua. Daktari alipohitaji utulivu kamili, jogoo alisimama. Hakimu alikuwa paka, tena mwenye miwani. Mwewe aliitwa, akaja na manyoya mdomoni. Paka akauliza kama jogoo ana shahidi.

"Akamleta nani?" Aliyeuliza ni daktari.

"Daktari, fanya kazi yako. Akasema, mheshimiwa, shahidi wangu yuko nje. Mlango ukafunguka tena, na aliyeingia alikuwa..."

Kimya kirefu. Kitu kama maji baridi kilipita juu ya jicho.

"Tumemaliza," daktari alisema.

"Alikuwa nani?" Mzee Tulia aliuliza chini ya kitambaa.

Nesi alikuwa anabandua plasta. "Iliyobaki njoo siku nyingine. Si bado lipo la kushoto?"

Kesho yake bandeji ilitolewa. Alimwona mkewe mpaka kikovu kidogo cha kidevuni. Kisha walipita dukani. Fundi viatu alikuwa mlangoni pake, na Mzee Tulia akakiona kisogo chake, nywele ngazi juu ya ngazi.

"Nani kakunyoa hivi?"

"Wewe."

"Ingia ndani. Na ukae kimya, nina jambo linanisumbua." Alimfunga kitambaa shingoni, akaegemeza kiganja. "Hivi jogoo akiwa na kesi na mwewe, shahidi wake anaweza kuwa nani?"