Mkono wa Bongsun Mbele ya Jopo

Jumanne asubuhi, katika bafu la umma la mji wa Gunsan, Korea, alikofanya kazi ya kusugua wateja tangu ujana, Tak Bongsun alikuwa akisugua mgongo wa mke wa muuza samaki, mkono wake wa kushoto ulipogeuka kioo. Ulikuwa umekufa ganzi tangu alipochanjwa. Sasa ulionyesha kila kilichomo: mifupa, mishipa, na mstari mweusi ulioanzia begani, pale sindano ilipoingia, ukateremka hadi vidoleni.

"Mamdogo, na huku chini basi," mteja alisema.

Bongsun akaendelea kwa mkono wa kulia.

Chunja, mwenye bafu, aliukagua mkono huku akikunja taulo. "Mama Sejin," alimwambia Bongsun, "fidia ya chanjo sasa serikalini hawana pa kuikwepea. Ushahidi si huo hapo?"

"Wewe huwajui hao."

Madai yake yalikuwa yamekwisha kupokelewa. Wiki hiyo Maeng, afisa wa ofisi ya fidia, akamtembelea nyumbani na kasha la mapeasi. Alivua viatu, akaonja kabichi yake ya kimchi na kuisifu, kisha akaanza. Mama hulalia upande gani? Hajawahi kuteleza bafuni? Kwao hakuna mwingine mwenye mkono wa kioo? Marehemu bibi, je?

"Bibi alikuwa na meno mabovu," Bongsun alisema. "Andika na hilo."

Maeng akaandika kweli. Alipoondoka, Bongsun aliyanusa yale mapeasi moja moja, akayatupa.

Siku ya jopo la kuamua fidia, madaktari watano waliuzunguka mkono na kuumulika kwa tochi. Mmoja aliufuata mstari kwa ncha ya kalamu, toka begani hadi kidole cha mwisho, akakubali kwamba ni mweusi.

"Ila bafuni kuna maji ya moto," mwenyekiti alisema. "Na umri nao, mama. Uhusiano na chanjo hauonekani."

"Hauonekani?" Bongsun aliuinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akamwekea usoni. "Tazama, daktari. Tazama vizuri."

Mwenyekiti akatazama. Ng'ambo ya mkono, ukutani, palikuwa na saa. Akaisoma bila taabu.

"Saa sita kasorobo," alisema kwa upole. "Aingie anayefuata."

Mlangoni Bongsun alipishana na mzee aliyeelea shubiri moja juu ya sakafu. Binti yake alikuwa amemshika mkanda asipande zaidi.

"Wakoje huko ndani?" binti alinong'ona.

"Wapole," Bongsun alisema. "Mshike sana baba yako."