Siku Thelathini za Huruma

Ukimkabidhi mtu ng'ombe akutunzie, huendi wiki ijayo kumchungulia kama askari wa kodi. Ni kumtukana. Unakaa kwako, unanyamaza, inapita miezi mitatu, minne, ndipo unashuka na kibuyu chako cha maziwa, unawasalimia watu wa nyumba wote, mnaongea habari za mvua, na mtunzaji mwenyewe atakuongoza zizini kabla hujaomba. Sebagenzi alilelewa hivyo kule juu milimani, baba yake alilelewa hivyo, na watu wa Huruma nao aliwatendea hivyo hivyo. Alidhani anawaheshimu, masikini.

Huruma ilikuwa sosiete kubwa ya Wazungu ya kulinda wanyama. Makao yake yalikuwa Ubelgiji, na hapa kwetu ilikuwa na boma Luberizi, kando ya barabara ya Bukavu. Jina lake refu la Kifaransa liliandikwa getini, lakini watu wa bonde walifupisha wakasema Huruma, mwanzo kwa heshima, baadaye kwa kejeli. Uhuru ulipofika na Wazungu wengi wakafunga masanduku, hawa walibaki. Madame aliyewaongoza alisema wanyama hawana siasa.

Mwaka wa tatu wa uhuru, kiangazi kikiwa kikali, Sebagenzi alishuka bondeni na ng'ombe wake Bihogo kutafuta majani. Alibaki na huyo tu, wengine tisa walikwisha kwa ugonjwa wa mapafu. Na huyo mmoja naye alikuwa na ahadi yake. Mzee Bigirimana wa mlima wa pili alikwisha kumkagua, meno hadi kiwele, akakubali kwamba akizaa ataletwa yeye na ndama wake, ndipo Mathieu, mtoto wa Sebagenzi, amuoe Léocadie, binti Bigirimana. Ng'ombe mwingine hakuwepo. Bila Bihogo hakuna arusi, na hilo Sebagenzi alilala nalo na kuamka nalo.

Sasa Bihogo huyo, na mimba yake tumboni, akateleza kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga akateguka mguu. Wakati Sebagenzi anahangaika na kamba, kamiyo nyeupe, lori la Huruma, ikapita. Madame akashuka, akaushika ule mguu kwa mikono yake mwenyewe, akasema watamchukua na kumtibu. Karani wake, Norbert, mtu wa makamo kutoka Uvira, akatafsiri. Sebagenzi karibu alie kwa furaha. Akasema maneno yanayosemwa: ng'ombe huyu namweka mikononi mwenu, mlisheni, mnywesheni, maziwa yake nyweni ninyi. Karatasi ikatolewa, Norbert akaisoma haraka haraka huku kamiyo inanguruma, kulikuwa na kitu kuhusu siku thelathini, na Sebagenzi akaitikia kwa adabu, kama watu wanavyoitikia sala ndefu. Akabonyeza kidole kwenye wino. Kisha akapanda kwao na kukaa kimya miezi minne, kama mtu mwenye malezi.

Aliporudi mwezi wa kumi na moja, na kibuyu chake begani, hakuna aliyemuuliza habari za mvua. Aliambiwa asimame kwenye mstari.

Na ule mstari, jamani! Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Kimanga, Sidonie, aliyenyang'anywa mbwa wake kwa sababu alikuwa amefungwa kamba fupi. Mbwa wa kulinda nyumba, katika siku zile ambazo wezi walikuwa wengi kuliko askari. Kulikuwa na Thaddée wa Nyakabere, ambaye mbuzi wake watatu walishushwa kwenye baiskeli njiani kwenda sokoni, eti wameninginizwa vibaya. Wote walikwisha kupewa siku, wakarudi, wakapewa siku nyingine. Kupitia seng'enge waliwaona mbwa wakimiminiwa maziwa ya unga kwenye sahani, na Sidonie alikuwa na mjukuu aliyevimba miguu kwa njaa. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, kwamba angejua angemleta mjukuu akiwa amefungwa kamba shingoni.

Tena watu walikuwa bado hawajasahau habari ya mke wa mwalimu wa Nyakabere. Alishikwa na uchungu barabarani, kamiyo ya Huruma ikapita tupu, dereva akaomba radhi kwamba gari ni la wanyama tu, ndivyo kanuni ilivyo. Mtoto akafa. Watu wa bonde waliandika barua ndefu Ubelgiji, wakaeleza yote, wakatia sahihi na vidole. Baada ya miezi mitano jibu likaja: Huruma inawashukuru kwa kupenda wanyama. Ndani ya bahasha mlikuwa na kalenda yenye picha ya paka.

Zamu ya Sebagenzi ilipofika, Norbert alifungua faili, akatazama, akafunga. Alimweleza kwamba mwenye mnyama asipofika katika siku thelathini, mnyama anakuwa wa Huruma. Sebagenzi akamjibu kwamba angefikaje katika siku thelathini, yeye si mtu wa kuwashuku watunzaji wake. Norbert alielewa. Hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba alielewa kabisa, mama yake mwenyewe alizaliwa juu kule, ila kalamu haikuwa yake. Akamwambia alete barua ya chifu.

Akaleta barua ya chifu. Wakataka barua ya pasta. Akaleta ya pasta, wakasema Madame yuko Usumbura. Madame akarudi, faili likawa Ubelgiji. Ni siku mbili kushuka na tatu kupanda, na Sebagenzi hakuwa kijana. Mara tano alifanya safari hiyo, akilala kwa watu, akila mihogo ya watu, na kila mara alimwona Bihogo nyuma ya seng'enge, amepona mguu, amenenepa, na mara ya tatu ana ndama jike mwekundu pembeni. Alimwita kwa mluzi wake, ng'ombe akainua kichwa na kuja mpaka kwenye waya. Askari wa lango akamwambia asisumbue wanyama.

Kule juu, Bigirimana alianza kuulizia. Mathieu hakuuliza kitu, alikonda tu, na Sebagenzi alimwonea mtoto wake huruma ya kweli, siyo ile ya getini.

Mwezi wa tano faili lilirudi. Norbert, safari hii akitabasamu, alimwambia kwamba Madame amekubali, aje Jumanne na kamba yake. Sebagenzi alikwenda kulala Nyakabere kwa Thaddée asubiri. Lakini Jumapili waasi waliokuwa wakipigana na serikali walishuka bondeni kwa mamia, na milio ya bunduki ikaanza kusikika upande wa barabara. Watu wakabeba magodoro wakakimbilia Burundi. Thaddée alimsihi waondoke pamoja. Sebagenzi alikataa, akasema ameahidiwa Jumanne, na Jumanne atakwenda.

Akaenda. Lango lilikuwa wazi, na hapakuwa na mbwa hata mmoja wa kubweka. Norbert alikaa peke yake kwenye ngazi ya biro, ile ofisi yao, na fungu la karatasi mapajani. Alipomwona alisimama, halafu akakaa tena.

"Papa, miye sikujua. Waliniambia jana asubuhi tu," akasema.

Akamsimulia akiwa ametazama chini. Madame aliogopa kwamba waasi watawatesa wanyama, kwamba watakufa njaa. Kuwarudisha kwa wenyewe kungehitaji ruhusa ya Ubelgiji, na simu zilikuwa zimekatika; ya Bihogo ilikuwepo, lakini iliandikwa Jumanne. Kwa kuwapiga sindano ya kufa ruhusa haikuhitajika. Walipigwa wote, mbwa, punda, mbuzi, ng'ombe. Madame alilia sana, akawashika vichwa mmoja mmoja, halafu akapanda gari.

"Na ndama?" Sebagenzi akauliza.

"Naye, papa."

Sebagenzi alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira akaikosa, alikuwa amechoka mpaka mifupani. Baadaye akaomba ngozi. Kwao ng'ombe akifia kwa mtunzaji, mtunzaji huleta ngozi yake, na anayeleta ngozi hadaiwi wala hasemwi. Bila ngozi, ng'ombe hajafa: ameuzwa, au ameliwa, au amefichwa. Norbert akaonyesha nyuma ya mazizi, udongo mpya ulionyunyizwa chokaa. Walichoma kwanza, akasema, ndipo wakafukia. Akapekua karatasi zake, akatoa moja yenye muhuri, akampa kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya Bihogo.

Alipanda nayo milimani siku nne, akiwakwepa waasi mchana na askari jioni, ameifunga ndani ya jani la mgomba isilowe. Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bigirimana, kwa sababu habari kama hiyo hupelekwa na mwenyewe. Bigirimana alimpa kigoda na maziwa, akasikiliza yote mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza ngozi iko wapi.

Sebagenzi akampa karatasi.

Bigirimana aliigeuza upande huu na upande huu. Pale nyumbani aliyejua kusoma alikuwa mmoja, Léocadie, aliyesoma misheni. Na Léocadie tangu aposwe hakuwa ameonekana mbele ya Sebagenzi. Aliposikia sauti yake njiani alikuwa akikimbilia ndani, kama wafanyavyo wasichana kwa baba wa mume, na Sebagenzi alikuwa akicheka moyoni kila mara kusikia zile mbio.

"Léocadie," Bigirimana akaita. "Toka, uje usome hapa."

Akatoka. Akasimama mbele ya Sebagenzi uso wazi, kama anavyosimama msichana mbele ya mgeni yeyote aliyepita njia. Sebagenzi akainamisha kichwa. Alikuwa ameshajibiwa, lakini msichana alisoma hata hivyo, taratibu, akigeuza Kifaransa neno kwa neno.

"Ng'ombe jike mmoja, mwekundu. Ametulizwa bila maumivu. Mwenyewe: hana."

Bigirimana akaipokea karatasi, akaikunja. Hakuwa mtu mbaya, na hakuinua sauti.

"Hata wao waliokaa naye wanasema hakuwa wako," akasema. "Sasa mimi, Sebagenzi, binti yangu ulikuwa unamposa na nini?"